Kusahau Si Kuondoa: Tunachokiwazia na Kinachowezekana



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili ni deni ninalolilipa nikiwa nimechelewa. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kipindi cha mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa mpole, mpenda vitabu, mtu wa maneno machache. Akaniambia: “Baba, nina swali, ila naomba usikasirike. Mimi naweza kuuwazia ulimwengu usio na Mungu. Nauona kabisa akilini: milima ipo, bahari ipo, watu wapo, Mungu hayupo. Sasa, ninachoweza kukiwazia bila kujipinga, si kinawezekana? Na kama inawezekana Mungu asiwepo, basi si wa lazima. Lakini ninyi mnafundisha kwamba Mungu, kama yupo, ni wa lazima, hawezi kutokuwepo. Kwa hiyo huyo mnayemfundisha hayupo.”

Nilikuwa nimechoka, na Misa ya jioni ilikuwa inakaribia. Nikamjibu: “Mwanangu, hayo ni mawazo ya vitabuni. Sali zaidi.” Akasema, “Ahsante, Baba,” akaondoka. Hakuuliza tena, na baada ya muda hakuonekana tena. Sisemi kwamba jibu langu peke yake ndilo lililomwondoa. Yako mengi moyoni mwa mtu ambayo paroko hayajui. Lakini najua kwamba aliomba mkate nikampa jiwe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Siku ile mjinga alikuwa aliyeulizwa.

Naomba basi tulitazame swali lake kwa heshima linayostahili, kwa maana si swali la kitoto. Wanafalsafa wamebishana juu yake kwa karne nyingi: je, kwa kuwazia tu, tunaweza kujua lipi linawezekana, lipi haliwezekani, na lipi ni la lazima?

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Kinachowezekana ni kile ambacho kingeweza kuwa, hata kama hakipo. Kilicho cha lazima ni kile ambacho hakiwezi kutokuwa. Jana mvua ilinyesha; ingeweza kutonyesha. Mbili na tatu ni tano. Haingeweza kuwa vinginevyo. Sasa angalieni jambo la ajabu: macho huona yaliyopo tu. Ukiitazama mvua dirishani, macho yatakuambia inanyesha; hayatakuambia kwamba ingeweza kutonyesha. Hata hivyo wewe walijua hilo. Umelijua kwa kuwazia. Umejichorea akilini asubuhi nyingine, yenye jua, na hukuona chochote ndani ya picha ile kinachoipinga. Kwa hiyo wale wanaosema kuwazia ni mchezo wa watoto na washairi hawajatafakari vya kutosha. Anayeamua kulima mahindi badala ya mtama amewazia misimu miwili kabla ya kushika jembe. Nabii Nathani alipotaka kumfungua macho Mfalme Daudi, hakuanza na amri. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akaitambua haki ndani ya kisa kabla ya kujitambua mwenyewe.

Mfano mzuri zaidi wa nguvu hii tunaupata kwa Galileo. Katika kitabu chake kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, miaka 5 baada ya kuhukumiwa na mahakama ya Kanisa, aliyachunguza mafundisho ya kale kwamba kitu kizito huanguka upesi zaidi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Tuwazie, alisema, jiwe kubwa linaloanguka kwa kasi ya 8, na jiwe dogo linaloanguka kwa kasi ya 4. Tuyafunge pamoja. Jiwe dogo, kwa kuwa ni la polepole, litalichelewesha lile kubwa. Basi yote mawili yataanguka kwa kasi iliyo chini ya 8. Lakini mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni mzigo mzito kuliko jiwe kubwa peke yake. Basi yataanguka kwa kasi iliyo juu ya 8. Hayawezi kuwa chini na juu kwa pamoja. Fundisho limejipinga lenyewe, na hakuna aliyepanda mnara wala kuangusha jiwe.

Tusivuke mpaka, lakini. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kanuni ile ya kale, ilivyosemwa, haiwezekani kuwa kweli. Kwamba vitu vyote, palipo patupu pasipo hewa, huanguka sawasawa, hilo lilihitaji pia majaribio ya mikono. Na mwaka 1971 mwanaanga David Scott, wa safari ya Apollo 15, aliangusha nyundo na unyoya mwezini, vikafika chini pamoja. Kuwazia kulifunga njia moja. Kutazama kukaonyesha njia iliyobaki.

Kwa hiyo kijana wetu hakukosea kuitumia njia hii. Kosa, kama lipo, liko mahali pengine. Nadhani ziko hatari mbili, na tumezoea kuanguka katika zote mbili.

Hatari ya kwanza ni kusema: “Siwezi kuliwazia, basi haliwezekani.” Hapa sisi watu wa Kanisa tuna historia ya kujifunza. Katika karne ya 13 baadhi ya waalimu wa Chuo Kikuu cha Paris, kwa kumfuata mno Aristotle, walikuwa wakitajwa kufundisha kwamba hata Mungu hawezi kuzisogeza mbingu kwa mstari ulionyooka, kwa sababu nyuma yake pangebaki utupu, nao utupu hauwezekani. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alipiga marufuku hoja 219, hiyo ikiwa mojawapo. Sisemi kwamba marufuku ile yote ilikuwa ya busara; baadhi ya hoja zilikaribia mno mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris alizifuta hukumu zile pale zilipomgusa Thoma. Hata hivyo neno moja lilibaki: usimwekee Mwenyezi Mungu mipaka ya mazoea yako.

Baada ya hapo wasomi walizidi kujiuliza maswali ya kuwazia. Nicole Oresme, aliyekuja kuwa Askofu wa Lisieux, aliandika mwaka 1377 akiuliza: tuwazie kwamba dunia ndiyo inayozunguka kila siku, nazo mbingu zimetulia, je, tungeona tofauti gani? Akajibu kwamba hakuna ambacho macho yetu yangekiona tofauti. Yeye mwenyewe alibaki akiamini kwamba dunia imetulia, kama wengi wa wakati wake. Lakini alikuwa amefungua mlango: alionyesha kwamba lililodhaniwa haliwezekani lilikuwa ni jambo lisilozoeleka tu. Leo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba dunia huzunguka.

Hatari ya pili ni kinyume chake, na ndiyo iliyomkuta kijana wetu: “Naweza kuliwazia, basi linawezekana.”

Mwaka 1641 René Descartes alitoa kitabu chake cha Tafakuri. Humo alijenga hoja kwamba kwa kuwa aliweza kujifahamu kwa uwazi kama kitu kinachofikiri, bila kuufikiria mwili, basi yeye na mwili wake ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Kabla yake, kwa zaidi ya karne 6, Ibn Sina alikuwa amewazia mtu aliyeumbwa akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, ambaye bado angejua kwamba yupo. Hoja hizi zinapendeza masikio yetu, maana sisi tunaamini kwamba roho haifi pamoja na mwili. Lakini aliyesimama kumhoji Descartes hakuwa mpinga dini. Alikuwa Antoine Arnauld, mwanateolojia Mkatoliki wa Paris ambaye hakuwa amefika umri wa miaka 30.

Arnauld alisema hivi kwa maana. Mchukue mtu ajuaye kwa hakika kwamba pembetatu fulani ina pembe mraba, ila hajajifunza kanuni ya Pythagoras. Mtu huyu anaweza kuifahamu vizuri pembetatu hiyo na wakati huohuo akashuku kama mraba wa ule upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Anaweza hata kusema: “Mimi naifahamu pembetatu yangu bila sifa hiyo, basi Mungu anaweza kuumba pembetatu ya namna hii isiyo na sifa hiyo.” Lakini amekosea. Sifa ile haitenguki. Hakuiondoa, aliisahau tu, au hakuwahi kuijua. Arnauld hakuikana roho. Alisema tu kwamba hoja dhaifu haigeuki imara kwa sababu tunalipenda hitimisho lake. Wapendwa, tungekuwa na Arnauld mmoja katika kila jumuiya, majadiliano yetu yangekuwa na afya zaidi.

Nichukue mfano wa angani. Wayunani wa kale waliiita nyota ya alfajiri kwa jina moja na nyota ya jioni kwa jina lingine. Mtu wa wakati ule angeweza kuwazia nyota ya jioni imezimika milele, huku ile ya alfajiri ikiendelea kung’aa. Asingeona ugumu wowote. Kumbe zote mbili ni sayari moja, Zuhura. Mwanafalsafa Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970, alionyesha kinachofuata hapo: kama ni kitu kimoja, basi haiwezekani viwe viwili, maana hakuna kitu kinachoweza kutengana na nafsi yake. Ni jambo la lazima, ila hatukulijua kwa kufumba macho na kuwazia. Tulilijua kwa kutazama mbingu na kupiga hesabu. Je, yule mtu aliwazia nini basi? Aliwazia nyota nyingine, inayofanana na Zuhura, ikiwa mahali pake alfajiri. Picha yake ilikuwa halali. Jina aliloiandikia chini ndilo lililokuwa la uongo.

Kripke huyohuyo aliuliza juu ya wazazi. Mimi naweza kujiwazia nimezaliwa katika jumba la mfalme, na baba mwingine na mama mwingine. Picha inakuja kirahisi. Lakini mtoto yule wa mfalme, asiyetoka kwa mama aliyenizaa wala kwa baba aliyenizaa, kwa nini awe mimi? Nimemchora mtoto mwingine, nikambandika jina langu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Nikipewa jioni ile tena, ningemketisha na kumuuliza swali moja: “Mwanangu, umewazia nini hasa?” Atasema: milima, bahari, watu, na Mungu hayupo. Milima naiona katika picha yake, bahari naiona. Lakini ule “Mungu hayupo” uko wapi katika picha? Kama amemwazia Mungu kuwa kitu kimojawapo kati ya vitu, kama kiti kilichoondolewa sebuleni, basi hajamgusa yule ambaye Kanisa linamfundisha. Kanisa linamsema yule ambaye kwake milima na bahari vina kuwepo. Picha ya milima isiyomwonyesha Mungu si picha ya milima isiyomhitaji. Naweza kumwazia mtoto akicheza uwanjani bila kumwazia mama yake hata kidogo. Sijawazia kwa hiyo mtoto ambaye hakuzaliwa na mama. Kusahau si kuondoa. Kwa hiyo hoja yake inakatika mahali pamoja: kutoka “nimeuwazia ulimwengu bila kumfikiria Mungu” hadi “nimeuona ulimwengu unaoweza kuwa bila Mungu.” Daraja kati ya hayo mawili hakulijenga.

Hapo wengine mtapiga makofi na kusema, “Paroko amemshinda.” Subirini, maana upanga huu una makali mawili. Mtakatifu Anselmi, alipokuwa mtawa huko Bec katika karne ya 11, alijaribu kuonyesha kwamba yule ambaye hakuna mkuu kuliko yeye anayeweza kufikiriwa hawezi kuwa katika fikra tu, ni lazima awepo kweli. Mtawa mwenzake, Gaunilo wa Marmoutier, muumini kama yeye, alimjibu kwa kisa cha kuwazia: kwa njia hiyohiyo tungethibitisha kisiwa kilicho bora kuliko visiwa vyote, kilichopotea baharini. Anselmi alijibu kwamba kisiwa si sawa na Mungu, na nadhani katika hilo alikuwa na haki. Lakini Leibniz, karne 6 baadaye, aliona pengo: hoja ya namna hii inasimama tu kama kwanza tumeonyesha kwamba huyo wa lazima anawezekana. Na hapo mwamini hana ruhusa ya kusema, “Namwazia, basi anawezekana, na akiwezekana yupo.” Hiyo ni hoja ya kijana wetu iliyogeuzwa nje ndani. Kama daraja lake halikujengwa, la kwetu pia halijajengwa. Haki haina kipimo cha wageni na kipimo cha wenyeji.

Ndiyo maana nampenda Mtakatifu Thoma. Alifundisha wazi kwamba kuwepo kwa Mungu si jambo lililo dhahiri lenyewe kwetu sisi, kwa sababu hatujui Mungu ni nini katika asili yake. Tungeiona asili hiyo, tungeona pia ulazima wake, kama vile anayejua kanuni anavyoiona ndani ya pembetatu. Kwa kuwa hatuioni, Thoma hakuanza na picha za akilini. Alianza na vitu vilivyo mbele yetu, vinavyobadilika, vinavyotokea na kutoweka, akauliza vinategemea nini. Njia hiyo nayo ina wapinzani wake, na si leo nitakapoimaliza. Ninachosema leo ni kidogo, lakini nakisema kwa uthabiti: kwa kuwazia tu, hakuna aliyemwondoa Mungu, na hakuna aliyemthibitisha.

Mtu atauliza: ikiwa kuwazia kunaweza kudanganya hivi, si tukuache kabisa? Hapana. Macho nayo hudanganya. Fimbo iliyotumbukizwa majini huonekana imepinda. Hatuyang’oi macho kwa ajili hiyo. Tunatazama mara ya pili, tunaigusa fimbo kwa mkono. Vivyo hivyo na kuwazia. Tujiulize daima mambo matatu: nimewazia nini hasa, au nimebandika tu jina juu ya picha nyingine? Je, kipo nilichokisahau, ambacho kingekuwemo kama ningeijua vizuri asili ya kitu hiki? Na kama nimeshindwa kuwazia, je, ni kwa sababu nimeona mgongano, au kwa sababu sijazoea? Pale tunapokijua kitu vizuri, kama mawe mawili na kamba, kuwazia hutupa ujuzi wa kweli. Pale asili yake inapotuzidi, kunatupa swali tu, nasi tuwe wanyenyekevu.

Msidhani haya yanahusu vyuo peke yake. Mama mmoja husema, “Baba, mwanangu hawezi kuacha ulevi, siwezi hata kumwazia akiwa mzima.” Mama, ulichoona ni uchovu wako na miaka ya maumivu, hujaona mgongano katika kuongoka kwake. Usikate tamaa kwa ushahidi huo. Lakini nisije nikaeleweka vibaya: mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe na yeyote katika Jumuiya, “Vumilia, mwazie mumeo akiwa mpole.” Kwamba upole wake unawezekana hakumaanishi kwamba umekwisha kuwepo. Matumaini yanahusu kinachoweza kuwa. Usalama wake unahusu kilichopo usiku wa leo. Awe mahali salama kwanza, naye mume aombewe akiwa mbali.

Nimalizie kwa kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, kama maneno haya yatamfikia popote alipo. Ndugu yangu, swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nadhani hoja yako ina pengo, na nimeeleza liko wapi. Huenda wewe utaliona pengo katika maneno yangu. Njoo uniambie. Safari hii sitaangalia saa.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Mungu awabariki.